Tone Lililovaa Fulana

Gari la maji liliingia mtaani saa mbili asubuhi, likapiga honi mara mbili kama kawaida yake, na watu wakatoka na ndoo zao. Lakini kwa muda hakuna aliyekinga maji. Wote walikuwa wanatazama ubavu wa tangi.

Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya chungwa, mpya, inang'aa. Katikati ya ubavu huo mtu alikuwa amebandika mraba mweupe mkubwa kama shuka la hospitali, na ndani ya mraba huo lilikaa tone la maji la buluu, linacheka, limekonyeza jicho moja. Au tuseme lilijaribu kukonyeza. Kingo zake zilikuwa ngazi ngazi, jicho lilizungukwa na vidoa vya ukungu, na tabasamu lilikatika vipande vipande. Jina la kampuni chini yake lilisomeka, ila ilibidi urudi nyuma hatua kumi.

"Hilo tone linaumwa," akasema muuza mkaa. "Limefungwa bandeji."

"Bandeji gani? Hiyo ni fulana," akajibu Bibi, ambaye alipata miwani mipya Jumanne ya wiki iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna kitu mtaani kilichompita. "Tone limevaa fulana ya ndani. Tena haijafuliwa vizuri."

Watu wakavunjika mbavu. Bibi naye akacheka, kisha akaacha ghafla, maana alikumbuka ni nani aliyelichora lile tone. Aliyelichora alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo mbili mikononi: mke wa mwanawe, Mama Pacha.

Mama Pacha akaweka ndoo chini. Alijua alivyoliacha tone lake: kingo laini, jicho safi, na nyuma yake hakuna kitu kabisa, ili rangi ya tangi ionekane mpaka ukingoni. Hili lililokuja lilikuwa la kwake, lakini lilirudi kutoka matembezini limepigwa na kuvishwa nguo za watu. Uso ukamshuka. Akakinga maji yake kwa zamu, akamlipa dereva, akarudi ndani bila kumtazama mtu.

"Mkwe," Bibi akamfuata kwa sauti ya chini, "sikujua uko pale nyuma."

"Si kitu, Mama. Umesema kweli. Limevaa fulana."

* * *

Nyumba ilikuwa ya Bibi, na chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, ndicho kilichotamaniwa na kila mtu. Mshonaji wa mtaa wa pili alikuwa anakitaka. Ameshakuja mara tatu na utepe wake, akapima wapi ataweka cherehani. Lakini Mama Pacha alikuwa ameweka humo meza, kompyuta iliyokwishatumika na kalenda ya ukutani, akasema hiyo ni ofisi. Bibi akamwekea sharti lililo wazi. Kampuni ya maji ikimpa kazi ya lebo za chupa kabla ya mwisho wa mwezi, chumba ni chake. Isipompa, mshonaji anahamia tarehe mosi. Kibao cha CHUMBA KINAPANGISHWA kilikuwa tayari nyuma ya mlango, uso umeelekea ukutani. Leo ilikuwa Alhamisi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tano.

Kibao hicho alikiandika mume wa Mama Pacha mwenyewe, kwa amri ya mama yake. Mtaa mzima unamwita Brashi. Kwa miaka ishirini hakuna duka wala kinyozi aliyefungua mlango bila maandishi ya mkono wake, mpaka mashine za stika zilipoingia mjini na watu wakasahau njia ya kwake. Miaka minne sasa hakuwa ameshika rangi, isipokuwa siku ya kile kibao. Mambo ya kompyuta alikuwa hataki hata kuyasikia. Zaidi ya hapo alikuwa mtu mpole, anasaidia kazi za nyumbani kwa roho safi, na asubuhi hiyo alikuwa mezani anakunywa chai.

"Baba Pacha," mkewe akamwambia, "lile folda nililokuachia wiki iliyopita, siku niliyompeleka Mama kliniki ya macho. Ulimtumia Mkurugenzi mafaili yote matatu?"

"Nilituma."

"Yote?"

"Si nimesema nilituma?"

"Naomba simu yako niangalie."

"Haina chaji."

Simu ikalia mfukoni mwake. Ililia kwa mlio wa tarumbeta ambao Brashi mwenyewe aliuchagua, na wote watatu, Bibi akiwa mlangoni, wakaitazama suruali yake mpaka akaitoa, polepole, kwa vidole viwili.

"Labda ilibakiza kidogo," akasema.

Mama Pacha akaichukua, akapokea. Aliyepiga alikuwa Mkurugenzi wa kampuni ya maji. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Namtaka mchoraji! Mchoraji yuko wapi? Aje uwanjani kwangu kabla ya saa sita. Aje na kompyuta yake na maelezo yake!" Akakata. Mama Pacha akaitazama simu mkononi mwake, kioo bado kinawaka. Kisha akamrudishia mumewe bila kubonyeza chochote.

"Ahsante," akasema. "Kaichaji basi."

"Mimi sisemi kitu," akasema Bibi, halafu akasema kwa robo saa. Alisema kwamba kazi ya picha haishikiki. Alisema mshonaji akikushonea gauni unalichukua mwenyewe mkononi, haligeuki njiani likawa pazia. Alisema anampenda mkwe wake, Mungu shahidi, lakini mapenzi ni jambo moja na chumba ni jambo jingine. Mama Pacha alisikiliza huku anafunga waya wa kompyuta. Brashi alikuwa anakoroga kikombe kilichokwisha chai.

Alichokuwa anakikoroga ni hiki. Siku ile mkewe alihamishia folda kwenye simu ya Brashi kwa waya, maana ndiyo iliyokuwa na bando, akamwambia atume mtandao ukitulia. Brashi akafungua folda. Tone la kwanza lilitokea gizani: nyuma nyeusi tii, na maandishi ya buluu iliyoiva yamemezwa yote. Akaona limeharibika. Faili la pili halikuwa tone kabisa, ulikuwa ukurasa wa herufi na namba na mabano, simu kama imepagawa. La tatu likafunguka safi, jeupe, linacheka. Brashi akawaza kama ambavyo mtu yeyote mwenye bando dogo angewaza: ya nini kutuma picha moja mara tatu, tena mbili zenyewe mbovu? Akatuma la tatu peke yake, kwa njia ya picha ya kawaida ili liwe jepesi. Akajiona amemwepusha mke wake na aibu. Kwa bando lililobaki akatazama mpira.

* * *

Brashi akajitolea kubeba kompyuta. Mama Pacha hakumuuliza kwa nini.

Uwanjani yalikuwa yamepangwa magari matano ya maji, na la sita likaingia nyuma yao likitokea mtaani. Kila moja na fulana yake ubavuni. Karani wa ofisi alikuwa na kiti kimoja cha wageni na juu yake ameweka maboksi. Akawaonyesha kreti la chupa lililopinduliwa. Mume na mke wakakaa hapo saa nzima, bega kwa bega, kompyuta mapajani kwa Brashi. Madereva walipita wakienda kunawa, wakirudi kunawa. Mtu hanawi mara tatu kwa saa moja bila sababu.

"Ndiye yeye?" wakanong'onezana, kwa mnong'ono wa kusikika.

Mmoja, kijana mwenye kofia, akashindwa kujizuia. "Mama, shikamoo. Tunaomba utuchoree na suruali, ili Jumamosi tuwe tumekamilika."

Mama Pacha akacheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha macho yakamlengalenga, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Brashi aliona. Alitamani kreti lile lifunguke limmeze yeye na kompyuta.

Mkurugenzi akatoka akiongozana na Fundi Stika, aliyechapa na kubandika yale matone. Mkurugenzi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. "Jumamosi saa nne nafungua kituo kipya," akaanza bila salamu. "Nimealika watu. Na watoto wa shule huko barabarani wanayaita magari yangu Fulana Moja, Fulana Mbili, mpaka Fulana Sita! Mama yangu mzazi kanipigia simu, ananiuliza kama kampuni imeishiwa rangi!"

"Mimi nilipewa faili la picha, JPG," akasema Fundi Stika, mtu wa maneno machache ambaye alionekana hajalala vizuri. "JPG haijui kuacha wazi. Pasipo na kitu, inajaza weupe. Tena hii ilikuwa ndogo, ya kutazamia kwenye simu, nikaivuta mpaka mita mbili. Mashine yangu ya kukata inafuata mstari. Humu hamna mstari, mna vidoa tu. Nikauliza. Nikaambiwa bandika, tunachelewa."

"Nani alikwambia?"

Fundi Stika akatazama viatu vyake. Mkurugenzi akakohoa.

"Hayo tuyaache. Mchoraji, nilipokea faili moja. Ulinitengenezea moja?"

"Nilitengeneza matatu, Mkurugenzi. Moja la magari, moja la kuwekwa juu ya rangi yoyote, moja la karatasi nyeupe."

"Nilipokea moja. Kwa hiyo ama hujui kazi, ama unanidanganya. Lipi?"

Mama Pacha hakumtazama mumewe. Alitazama mbele, kwenye fulana ya gari la tatu. "Kama yamekufikia pungufu," akasema taratibu, "ni kosa la ofisi yangu."

"Basi ofisi yako pole. Kazi ya chupa nitampa mtu mwingine."

Brashi akasimama. Alisahau kwamba ana kompyuta mapajani, akaidaka ikiwa njiani kwenda chini, na hivyo ndivyo alivyoanza kusema, ameinama, ameikumbatia. "Si ofisi yake. Ni mimi. Mimi ndiye niliyetuma. Niliona picha moja mara tatu, nikachagua."

"Ukachagua?"

"Niliyoiona nzuri."

Madereva wakasogea karibu. Hata bomba la kunawia lilikuwa limefungwa.

"Na wewe ni nani?"

"Mume wake."

"Nauliza kazi yako."

"Nilikuwa naandika mabango. Kwa mkono."

"Mwandika mabango! Halafu hujui tone zuri na tone baya?"

"Tone nalijua, bosi. Faili ndilo nililokuwa silijui." Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka. Kwa wiki nzima haukuwahi kunyooka hivyo.

Mama Pacha akaichukua kompyuta kwake, akaifungua juu ya kreti, akaonyesha mafaili yote matatu yamepangwa. Mkurugenzi akainama. Akatazama la kwanza, akatazama la pili, akatazama la tatu, akarudi la kwanza.

"Sasa hapa kuna nini?" akauliza. "Si tone moja mara tatu?"

Dereva mwenye kofia akaangua kicheko, wenzake wakadakia. Hata Fundi Stika alicheka, naye ni mtu aliyecheka mara mbili tu mwaka ule. Mkurugenzi akageuka kuwakemea, akajikuta hana la kukemea, maana amelisema mwenyewe mbele ya mashahidi.

Mama Pacha akajaribu kumweleza. Aliongelea vidoa na mistari, nyuma wazi na nyuma iliyojazwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo Mkurugenzi alivyokunja uso. Brashi alikuwa ameinamia kioo pembeni. "Lile la vurugu," akamwambia mkewe, "lile la namba na mabano. Lifungue." Akalisoma kwa kidole. "Hizi namba ni za nini?"

"Ni maelekezo. Anzia hapa, nenda kiasi hiki, pinda hivi, rudi. Hakuna picha humo ndani. Kompyuta ndiyo inayochora kila mara upya, kwa ukubwa unaoutaka."

Brashi akapindisha kidole hewani. "Hivi ni vipimo," akasema. "Kumbe vilikuwa vipimo." Akamgeukia karani. "Dada, una chaki? Na kamba yoyote."

Alipewa chaki ya kuandikia namba za magari na uzi wa kufungia maboksi. Akaenda kwenye tangi la gari la sita, mahali penye rangi tupu, akachora tone dogo la ukubwa wa kidole gumba. Kisha akashika uzi kwa mkono mmoja, chaki kwa mwingine, akapima, akazungusha, akashuka, akafunga. Tone la pili lilikuwa refu kumzidi yeye, na mpindo wake ulikuwa ule ule wa lile dogo, bila ngazi hata moja.

"Bosi, nikikupa picha ya tone nikakwambia likuze, utakuza na uchafu wake. Nikikupa njia ya kulichora, unaweza ukalichora kwenye kifuniko cha chupa, unaweza ukalichora kwenye ghorofa. Ni lile lile."

"Hiyo," akasema Mama Pacha, akiligusa lile faili la namba kwenye kioo, "ndiyo SVG."

Mkurugenzi akazunguka akalitazama tone la chaki, akalitazama lile la fulana. Hasira ilikuwa inamtoka taratibu, nayo haikupenda kutoka. "Kesho jioni," akasema, "nataka magari sita bila fulana. Ikibaki hata moja, chupa msahau."

"Matano," akasema Fundi Stika. "Stika ya buluu hii imebaki ya magari matano tu. Nyingine itafika wiki ijayo."

Halafu mmoja baada ya mwingine wakageuza macho kwenye lile tone la chaki.

"La sita nitalichora mimi," akasema Brashi, akashangaa ni nani aliyesema.

* * *

Mchana huo huo, kwa mara ya kwanza, Brashi aliketi kwenye chumba cha mbele kando ya kompyuta. Mama Pacha akafungua faili mama, lile la kazi, akatoa mafaili upya moja moja, na kila moja akamuuliza mumewe aliite nini.

"La magari na stika?"

"Liite VIPIMO."

"PNG, hili lililokutokea gizani? Halikuwa bovu. Nyuma yake ni wazi, ila simu yako haikujua iweke nini hapo, ikaweka nyeusi."

Brashi akafikiri. "Liite HALINA MGONGO."

"Na JPG?"

"Hilo," akasema Brashi kwa uchungu, "liite KARATASI NYEUPE TU. Hiyo TU usiisahau."

Mama Pacha akacheka mpaka akaweka kichwa juu ya meza. Bibi akachungulia mlangoni kujua nini kimewapata watu ambao kazi yao imeota mbawa. Akawakuta wanacheka wote wawili, akaondoka bila kuuliza, akaenda kumwambia muuza mkaa kwamba hajui kama afurahi au aite daktari.

Ijumaa ilikuwa siku ya kubandua. Stika haitoki bila joto, kwa hiyo Mama Pacha aliazima kwa msusi mashine mbili za kukaushia nywele, na madereva wakapanga zamu. Kijana mwenye kofia aliielekeza yake kwenye tangi huku anauliza gari kama maji ya kuoshea yalikuwa ya moto sana. Brashi alibandua fulana zaidi ya wote, kucha zikamuuma, hakuacha. Nyuma yake Fundi Stika alibandika tone jipya, lililokatwa kwa kufuata mstari, na rangi ya chungwa ikalizunguka mpaka ukingoni kama ilivyotakiwa.

Gari la sita likabaki peke yake. Mama Pacha alikuwa amechapa mistari ya tone na ya jina la kampuni kwenye karatasi thelathini za kawaida na kuziunganisha kwa gundi ya karatasi. Brashi akazitoboa matundu kwa sindano kufuata mistari, akazibandika kwenye tangi, akapigapiga kwa kitambaa chenye vumbi la chaki. Alipoziondoa, tone lilikuwa limekaa pale kwa nukta nyeupe, linasubiri. Ndivyo alivyokuwa anafanya zamani. Akachovya brashi, akapanda ngazi, akaishusha brashi bila kugusa tangi, akaichovya tena.

Mkewe alikuwa ameshika ngazi chini. "Taratibu," akasema. "Hakuna anayekufukuza."

Mstari wa kwanza ulimchukua dakika nzima. Wa pili ulikuja wenyewe. Alipofika kwenye jicho alikuwa anapiga mluzi.

"Mama Pacha."

"Naam."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua tangu simu isiyo na chaji ilipolia."

Brashi akaacha kupaka. "Mbona hukunisema? Mama alivyokusema vile, mbele yangu. Na jana kwa bosi ukabeba wewe."

"Nilitaka useme mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba husemi." Akahamisha mkono kwenye ngazi. "Nilikasirika, usidhani. Njia nzima kwenda uwanjani nilikuwa nimekasirika. Lakini na mimi nilikosa. Nilikuachia mafaili matatu yenye jina moja na sikukueleza hata moja. Hata wale pacha wetu tuliwapa majina mawili."

"Niliona aibu," akasema Brashi juu ya ngazi. "Kila siku nakuona humo chumbani unafanya kazi iliyokuwa yangu, kwa kitu nisichokijua. Ningeuliza, ningeonekana mjinga."

"Uliza tu. Mkurugenzi ni mkurugenzi, na yeye aliona tone moja mara tatu."

Brashi alikuwa bado anacheka wakati Mkurugenzi alipofika kukagua. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na matangi yalikuwa yanawaka. Alipita gari la kwanza hadi la tano akiitikia kwa kichwa. Kwenye la sita akasimama sana.

"Hili bado bichi, bosi," akaonya Brashi. "Usiguse."

Mkurugenzi akagusa. Akakitazama kidole chake cha buluu, akakiweka mfukoni, akaondoka bila kusema lolote kuhusu chupa.

* * *

Jumamosi saa nane mchana mshonaji alikuja na utepe wake, na safari hii alikuja pia na mtu wa kubeba cherehani, ili apime mlango. Bibi alimkaribisha kiti kibarazani. Mama Pacha alikuwa chumbani anakunja waya. Hakuwa amesikia neno kutoka kwa Mkurugenzi, na alikuwa amejiambia kwamba hatalia mpaka mshonaji aondoke.

Honi ikalia mara mbili. Gari la maji likaingia mtaani, limetundikwa riboni za ufunguzi, na watu wakatoka na ndoo zao. Tone lilikuwa limekaa kifua wazi juu ya rangi ya chungwa, laini, linacheka, limekonyeza jicho. Muuza mkaa akapiga makofi.

Bibi akashuka barazani. Akaenda mpaka ubavuni, akasukuma miwani juu, akasoma jina la kampuni herufi kwa herufi. Kwenye herufi ya mwisho akasimama. Mkia wake ulikuwa umepinda juu kidogo, jinsi ambavyo hakuna mashine iliyoambiwa kuupinda. Ulipinda hivyo hivyo kwenye milango yote ya maduka ya miaka ishirini.

"Hii si stika," akasema.

"Si stika, Bibi," akajibu dereva mwenye kofia. "Hili kalichora mwanao. Wageni leo wamepiga picha na hili tu. Mkurugenzi amekasirika kidogo kwa ajili ya yale matano." Akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa boksi. "Mama Pacha yuko? Kaletewa huu mzigo."

Ndani ya boksi mlikuwa na chupa tupu tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Hakukuwa na barua. Kulikuwa na kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu: *Lebo Jumatatu. Bila fulana.*

Mama Pacha akazikumbatia chupa zote tatu, akalia hapo hapo mbele ya mtaa mzima, akasahau kabisa kwamba mshonaji alikuwa hajaondoka. Brashi alisimama kando yake, vidole bado vya buluu, hajui aweke wapi mikono.

Bibi akafuta miwani, ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akamgeukia mshonaji. "Baba, nisamehe kwa usumbufu. Chumba kimepata mtu."

"Nani tena, mama?"

"Mke wa mwanangu. Na mwanangu naye, akijifunza kutuma."

Brashi akamtazama mama yake. Kumbe alijua. Bibi akainua mabega. "Nina miwani mipya," akasema. "Nenda kachukue kile kibao nyuma ya mlango, ukigeuze. Upande wa pili haujaandikwa kitu."

* * *

Jumatatu kabla ya adhuhuri lebo zilikuwa tayari. Kibao kilikuwa nje dirishani, rangi yake imekauka, na kilisema kwamba hapa wanachora kwa mkono na kwa kompyuta. Mama Pacha akatoa mafaili, akayapa majina yake, akayahamishia kwenye simu ya mumewe kwa waya. Halafu akamsukumia simu.

"Tuma wewe."

"Mimi?"

"Si ndiye mwenye bando?"

Brashi akaishika simu kwa mikono miwili. Akafungua folda. Lebo moja, mara tatu: faili moja gizani, moja namba tupu, moja jeupe na zuri kuliko yote. Akalitazama lile zuri kwa muda. Akachagua njia ya kutuma faili, si ya picha, akagusa VIPIMO, akagusa HALINA MGONGO, akagusa KARATASI NYEUPE TU, na kidole chake kikabaki hewani.

"Yote matatu!" Bibi akapaza sauti kutoka jikoni.

"Nimesikia, Mama," akasema Brashi, akatuma.